Kalenda ya "Siku Kama ya Leo", Malindi: karatasi ya 12 Desemba

Karatasi za Novemba za kalenda yetu ya matukio ya kila siku zimekwisha kukatwa. Desemba tumeianzia katikati, tarehe 12, kwa kuwa ndiyo iliyosongamana kuliko zote za mwezi huo na ndiyo inayoigusa zaidi pwani hii ya kaskazini.

Mpango ni uleule: karatasi 366 za A5, moja kwa kila siku, 29 Februari ikiwamo. A4 moja hutoa A5 mbili, kwa hiyo zinahitajika A4 183 za gramu 120, na ishirini za ziada kwa zitakazoharibika. Kila karatasi ina matukio yasiyozidi manne na waliozaliwa wasiozidi watatu. Chini yake inakaa tarehe ya Hijria kwa majina ya miezi yetu, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Ramadhani.

Orodha ya matukio iko kwenye kompyuta, na hapa ndipo wengi wanaoanza kazi hii hukwama. Usiandike tarehe nzima ndani ya kisanduku kimoja. Excel haitambui tarehe yoyote kabla ya 1 Januari 1900. Huihesabu kuwa maandishi matupu, na ukipanga orodha, watu wa 1821 wanatupwa pembeni. Tena inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo. Tenganisha siku, mwezi na mwaka, kisha ongeza safu tatu: kalenda (J kwa Juliasi, ile ya zamani; G kwa Gregori, hii ya leo), mahali, na saa ya mahali hapo. Safu ya saa inaonekana kama mapambo mpaka ufike kwenye tukio la usiku.

Mfano ni uhuru wa Kenya, 1963. Bendera ya Kenya ilipandishwa Nairobi usiku wa manane, tarehe 12 ikiingia. London wakati huo ilikuwa saa tatu usiku ya tarehe 11, kwa hiyo habari iliyoandikwa kwa saa za kule yaweza kukurudisha siku moja nyuma. Kwa hesabu yetu, ambamo siku huanza magharibi, hakuna mgongano: usiku ule ulikuwa usiku wa Alhamisi tangu jua la Jumatano lilipokuchwa. Hijria kwa jedwali (yaani kwa hesabu, si kwa kuonekana mwezi) ni 25 Rajabu 1383, siku mbili kabla ya Miraji. Kalenda nyingi za bara huishia kwenye bendera. Sisi tunaongeza mstari mmoja: ukanda wa pwani wa maili kumi, Lamu na Malindi zikiwamo, ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya kuuingiza Kenya yalitiwa saini 8 Oktoba 1963. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba. Kila mara kuna anayeisogeza hadi 12, na kila mara inabidi kuirudisha.

Jamhuri, 1964: 7 Shaabani 1384. Mstari mmoja unatosha.

Tukio la tatu ni la hapa hapa, nalo huandikwa vibaya kuliko yote. Tarehe 12 Desemba 1970 (Jumamosi, 13 Mfunguo Mosi 1390), setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco. Jukwaa hilo liko baharini mbele ya Ngomeni, ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Si Malindi mjini. Setilaiti ilikuwa ya NASA, roketi aina ya Scout ya Marekani, na warushaji ni Waitalia wa mradi wa Luigi Broglio. Iliitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe. Basi usiiandike "setilaiti ya Kenya". Taifa-1, ambayo ndiyo ya Kenya, ina karatasi yake, 15 Aprili 2023. Sababu ya kurushia hapa nayo inastahili nafasi: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na njia inayofuata ikweta huiepusha setilaiti na sehemu kubwa ya mionzi iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambayo huvuruga vipimo.

La nne ni Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, 1901, nalo limekula muda mwingi. Alipokea ishara ya redio kutoka Poldhu, Uingereza, akiwa St. John's, Newfoundland, karibu saa sita u nusu mchana. Ukigeuza kwa saa zetu za leo ni saa moja usiku: Lamu jua limekwisha kuchwa, na usiku wa Ijumaa umeingia. Jedwali la Hijria linasema mchana wa siku hiyo ulikuwa 1 Ramadhani 1319. Lakini kulikuwa na kupatwa kwa jua 11 Novemba, nako hutokea mwezi mpya unapozaliwa. Hesabu mwezi mmoja kutoka hapo utaona kwamba magharibi ya 11 Desemba hilali ilikuwa na umri usiofika saa 15. Kuiona kwa macho ni vigumu mno, kwa hiyo mwezi kuandama magharibi ya tarehe 12 ndiko kunakoelekea. Jedwali hufuata mzunguko wa miaka 30, kumi na mmoja kati yake ikiwa na siku 355, na haliangalii mbingu. Ndiyo maana kila tarehe ya Hijria kwenye karatasi zetu ina herufi ndogo "jd", yaani jedwali.

Waliozaliwa: mwandishi Flaubert (1821), mchoraji Munch (1863, miaka mia kamili kabla ya uhuru) na mwimbaji Sinatra (1915). John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani, alisumbua: 12 Desemba 1745 ni ya Juliasi, kwani makoloni ya Uingereza yalihamia Gregori 1752. Kwa Gregori ni 23 Desemba. Ameachwa nje kwa kukosa nafasi, si kwa kosa lake.

Uchapaji: tumia printa ya tona. Wino wa maji hutapakaa kwa unyevu wa kusi. Pete za chuma na pini hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuacha doa la kahawia kwenye tundu. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia, tundu likae milimita 12 kutoka ukingoni, la sivyo karatasi hupasuka ikifunuliwa.

Inayofuata ni Aprili. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 14 Aprili 1498 kwa Juliasi, yaani 23 kwa Gregori. Vitabu karibu vyote vina 14, nasi tunaiweka hapo, na herufi J pembeni.