Siku moja na vile vimipira viwili vya throto

Saa 1 na nusu asubuhi. Nafika nakuta gari ishapaki inanisubiri. Mwenyewe kijana hivi, kasoma mtandaoni anataka nimuondolee maji ya moto kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, yaani ile kulanti (maji ya kupoozea injini) inayopita kwenye throto bodi nii-baipasi, isipite tena pale, eti hewa itaingia ya baridi na gari itakuwa nyepesi. Sikumkatalia. Nikamwambia kaka tupime kwanza ndo tukate, namba zitatuambia.

Saa 2. Nikamkalisha nimueleze kwanza hayo maji yanafanya nini pale, maana wengi wanadhani yamewekwa tu. Hewa ikibanwa kupita kwenye ule upenyo wa kipepeo cha throto, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, presha inashuka na ubaridi unaongezeka, sasa nje kukiwa na baridi karibu na sifuri halafu hewa ina unyevu, barafu inajijenga pale pale kwenye kipepeo. Kikinasa, unaachia mafuta na gari haipungui. Hiyo ndo inayonitisha mimi, na mtu wa sehemu za baridi kali huwa namwambia wazi kabisa usiguse. Huyu yuko kwenye joto mwaka mzima kwa hiyo tuendelee.

Saa 3. Nimechomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari nasoma joto la hewa, tumezunguka nayo, nimeandika. Hapa watu wengi wanajidanganya, kwenye gari nyingi sensa ya joto la hewa iko kule karibu na eya klina, kabla hewa haijafika kwenye throto, sasa itakuambiaje kama throto imepoa? Bahati nzuri hii ya kwake sensa iko kwenye manifoldi, ile mirija ya kupeleka hewa kwenye silinda, baada ya throto.

Saa 4. Tunasubiri injini ipoe. Sina haraka na hili, mle ndani maji yako kwenye digrii 90 na yamebanwa na presha, ukifungua kifuniko cha rejeta yakiwa hivyo yanakurukia usoni.

Saa 5. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Klipu narudisha nyuma kwa plaizi, mpira siuvuti, nauzungusha kwanza mpaka uachie, maana ukikaa miaka unashikana na chuma na ukivuta kwa nguvu unavunja kile kimrija cha aluminiamu mpira unapochomekwa. Hiki nimekikuta kina unga mweupe kuzunguka shingo yake, kutu ya aluminiamu hiyo, nikasugua taratibu mpaka kikang'aa. Halafu sikuziba, nimeunganisha mpira wa kuingia na wa kutoka kwa mpira mmoja mzima wa kulanti wenye upana ule ule, umepinda bila kujikunja. Kuna injini hako kanjia ndo kanatoa mvuke na eya kwenye silinda hedi, ukikaziba eya inabaki juu na injini inachemka huku wewe unajua umeboresha.

Saa 7. Tumerudia njia ile ile na hali ya hewa ile ile. Gari ikiwa imesimama imewaka, throto ukiigusa kweli imepoa, tofauti unaisikia kwa mkono. Ikiwa kwenye mwendo tofauti kwenye mashine ni digrii 2 hivi, sababu hewa inapita pale kwa kasi sana haipati muda wa kupashwa. Nikampigia hesabu, kupoa digrii 3 ndo kunakupa kama asilimia 1 zaidi ya uzito wa hewa, sasa digrii 2 uisikie kwenye mguu wapi? Akafikiri, akasema iache tu hivyo. Gari yake, ila nimefunga karatasi kwenye ule mpira nimeandika kilichofanyika ili fundi atakayefuata asihangaike.

Saa 9. Hii sasa ndo iliyoniuma. Mama mmoja kaleta gari ya zamani, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, iko 1,800 kwa dakika haishuki, wamemzungusha wiki nzima, wakamuuzia na sensa mpya. Nafungua boneti nakuta maji ya throto yamezibwa na bolti mbili. Kwenye injini kama hii chini ya throto kuna valvu yenye nta ndani yake, injini ikiwa ya baridi valvu iko wazi inapitisha hewa ya ziada ili sailensa iwe juu, maji yakipata moto nta inavimba inafunga. Umeondoa maji, nta itajuaje kama injini imepata moto? Nikamwambia mama sensa yako ya mwanzo ilikuwa nzima, nikamuonyesha bolti, akazishika akaniangalia tu.

Saa 10 na nusu. Nimerudisha mipira miwili mipya na klipu mpya, nimejaza kulanti, nimewasha hita iwe moto kabisa, kifuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, nabinya mpira wa juu wa rejeta eya inatoka povu povu mpaka zikaisha, nikafunga.

Saa 11. Mama kakaa kwenye usukani, mi niko dirishani, wote tunaangalia mshale wa mzunguko wa injini. 1,800. Geji ya joto inapanda. 1,500. 1,200, ikakaa hapo kidogo mpaka moyo ukanidunda, halafu ikateremka yenyewe taratibu mpaka 750 ikatulia.