Sekunde nane

Jana usiku nilizima taa za sebuleni, nikabakiza ya koridoni tu. Kamera juu ya kabati, shata, kile kilango cha kuingiza mwanga, wazi sekunde 8. Nikakaa kimya nimejitanda kanga ya marehemu mama, na ilipofika sekunde ya sita nikageuza uso. Picha ilipotoka nilishtuka: nyuso mbili, moja imefifia kama moshi, na hiyo iliyofifia ni mama kabisa, hasa kidevu. Mpiga picha Samuel Fosso alianza kujipiga picha Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, miaka ya 1970, akimalizia filamu zilizobaki studioni, picha nyingine akimtumia nyanya yake Nigeria. Yangu ningemtumia mama. Nimerudia mara 14. Macho bado yanatoka meusi. Leo najaribu kwa mshumaa.