Mtoto wa utepe mweusi

Leo sikuwa na zamu, nikaenda tena kwenye jumba la sanaa la jiji hapa Manchester, mtaa wa Mosley. Kuingia ni bure. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilipita mbele ya nguzo zile kila asubuhi nikiwahi tramu, nikiamini humo ndani pana wenyewe. Sasa naingia kama ninayekwenda kuwajulia hali watu ninaowafahamu.

Wa kwanza kumwamkia ni Ira Aldridge. Alichorwa na James Northcote mwaka 1826, mchoraji akiwa mzee wa karibu miaka 80 na Ira hajafika hata 20. Alizaliwa New York mwaka 1807, mwigizaji kijana mweusi aliyevuka bahari kutafuta jukwaa, kwa sababu kwao nafasi ya mtu kama yeye ilikuwa finyu. Kwenye picha amevaa nguo nyeupe na macho ameyatupa pembeni, kama mtu aliyesikia anatajwa chumba cha pili.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza kununuliwa na taasisi iliyokuja kuwa jumba hili, mwaka 1827. Huwa nasimama hapo nikitafakari. Manchester ilikuwa mji wa pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilichumwa na watumwa huko Marekani. Katika mji huo huo, picha ya kwanza kununuliwa ikawa ya mtu mweusi. Lakini ilipewa jina la Othello, mhusika aliyekuwa akimwigiza. Mwenye uso hakutajwa. Mimi kazini wapo wanaoniita kwa kazi yangu mwaka wa tatu huu, na najua inavyouma. Ira aliendelea kuigiza Ulaya nzima, akafia Łódź, Poland, mwaka 1867, na huko ndiko alikozikwa. Kila nikifika mbele yake namwita jina lake, polepole, nisiwashtue watu.

Pale juu nikaipita ile mipicha mikubwa ambayo vioo vyake vilivunjwa kwa nyundo Aprili 1913. Wanawake watatu waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, Annie Briggs, Lillian Forrester na Evelyn Manesta, walishambulia picha 13 jioni moja. Evelyn alikataa kupigwa picha gerezani, hivyo akakabwa shingoni ili atulie. Picha hiyo iliposambazwa, mkono uliomkaba ulikuwa umefutwa. Hilo linanikaa moyoni kuliko vioo vyote.

Lakini muda wangu mwingi huishia kwenye picha moja, *Work*, yaani Kazi, ya Ford Madox Brown. Aliianza mwaka 1852, akaimaliza 1865. Thomas Plint, tajiri wa Leeds aliyeiagiza, alikufa 1861 bila kuiona imekwisha. Ni barabara ya Hampstead, London, jua linawaka, vibarua wanachimba. Katikati kijana amenyanyua beleshi. Marehemu baba alichimba mitaro ya mabomba ya maji Morogoro, na mikono ya kijana huyu naijua. Pembeni kulia wamesimama wasomi wawili wanatazama. Mmoja ni Thomas Carlyle, aliyeandika mengi kuisifu kazi. Brown amewaweka vibarua katikati na wasomi pembeni, na hapo namheshimu sana.

Chini kabisa, mbele, kuna watoto wasio na mama. Binti aliyevaa gauni jekundu lililochakaa, kubwa kuliko mwili wake, amemkamata mdogo wake nywele asichezee toroli. Amembeba kichanga, na kichanga kina utepe mweusi wa msiba. Katika umati wote ule, kila mtu na lake, kichanga kinakutazama usoni. Mtoto aliyekaa kuchorwa hapo ni Arthur, mwana wa Brown mwenyewe. Alifariki mwaka 1857 akiwa na miezi kumi. Baba yake aliendelea na picha hiyo hadi miaka minane baadaye, uso ule ukiwa mbele yake.

Nilimpigia mama simu ya video, nikamwonyesha. Kwanza akacheka kuliona toroli. "Hilo ni kama la baba yako." Halafu akanyamaza.

"Huyo mtoto mbona ananitazama?"

Nikamweleza. Nikamwambia utepe ulichorwa kama msiba wa mama, ila aliyeondoka akawa mtoto. Mama naye alizika mmoja kabla yangu, jambo tunaloligusa kwa nadra. Akaniomba nisogeze simu, nikasogeza hadi mlinzi akanitazama, nikarudi nyuma hatua moja.

"Mama yake aliitwa nani?"

"Emma."

"Basi ni Mama Arthur," akasema, akilitamka Atha. "Pole sana, Mama Arthur."

Tukakaa kimya wote wawili, simu ikiwa bado imeelekezwa kwenye picha, mpaka salio lake la bando likaisha.