MMT-8 kuukuu na MPC One: nilivyozifanya zisikilizane

Alesis MMT-8 ni sikwensa ya mwaka 1987 na haina sauti hata moja ndani yake. Kazi yake ni kukariri noti na kuziamuru mashine nyingine zipige. Sababu ya mimi kuing'ang'ania ni vitufe vyake vinane vikubwa, kimoja kwa kila traki (safu ya noti za ala moja): bonyeza, besi imenyamaza, bonyeza tena, imerudi. Vidole vyangu havijapata raha hiyo kwenye skrini ya kugusa. Akai MPC One, mashine ya kisasa ya kutengenezea muziki, nayo imejaa sauti tele. Nikaamua mdogo atoe sauti na kushika mwendo, mzee ashike noti.

Jambo la kwanza, umeme. MMT-8 inataka volti 9 za AC (mkondo geu), ilhali adapta nyingi za kwenye droo zinatoa DC (mkondo mnyoofu). Umbo la plagi lisikudanganye, soma maandishi.

Waya ni mbili tu, zile za MIDI (lugha ya mashine za muziki kuamuriana) za pini tano: OUT ya MPC kwenda IN ya MMT-8, na OUT ya MMT-8 kurudi IN ya MPC. Kwenye MPC nikawasha utumaji wa saa ya MIDI (mapigo ya kushikisha mwendo), kwenye MMT-8 nikaiambia ifuate saa ya nje. Nikabonyeza PLAY ya MPC, na mzee naye akaanza kutembea. Saa hiyo ni mapigo 24 kwa kila noti ya robo, vilevile kama ilivyokuwa miaka ya themanini, kwa hiyo hapakuhitajika mkalimani.

Kisha nikagawa chaneli (njia zenye namba ndani ya waya wa MIDI): ngoma ya 1, besi ya 2, kinanda ya 3. Kila traki ya MPC nikaipa chaneli yake na kuwasha usikilizaji wake wa MIDI, la sivyo inayolia ni ile uliyoichagua tu. Hapo nilipoteza nusu saa nikidhani waya umekufa.

Balaa lenyewe lilikuja baadaye. Besi ikawa na sauti ya ajabu, kama inapigiwa ndani ya bomba, na kinanda kikawa kinakatika ovyo. Nikalaumu kila kitu, hadi spika. Kumbe noti ilikuwa inatoka MMT-8, inaingia MPC, MPC inaipiga na papo hapo inairudisha kwenye waya, MMT-8 nayo inairusha tena. Ujumbe mmoja wa noti huchukua karibu milisekunde moja kwenye waya wa MIDI, kwa hiyo noti ya pili ilikuwa inaikanyaga ya kwanza visigino. Nilizima eko ya MIDI kwenye MMT-8, kisha nikahakikisha MPC haitumi noti kwenye tundu lile, inatuma saa peke yake. Besi ikarudi na uzito wake.

Kurekodi ndani ya MPC nako kulikuwa na kisa. MMT-8 inaigawa robo vipande 96, MPC vipande 960, kwa hiyo kwenye karatasi kila noti ingekaa sawasawa kwenye kipande cha kumi. Wapi! Zilifika zimechelewa kidogo, na noti ya kwanza kabisa haikuwa inanaswa vizuri. Sasa naacha baa moja ya muziki tupu mwanzoni, naikata baadaye. Ngoma nazinyoosha kwenye gridi, besi siigusi. Ule uvivu wake mdogo naupenda.

Naharakisha kuhamishia noti kwenye MPC kwa sababu kumbukumbu ya mzee inalindwa na betri ndogo ya ndani, na njia yake ya zamani ya kuhifadhi nje ni kaseti. Nimeshamaliza sehemu kumi na moja. Ya kumi na mbili ina kosa kwenye pigo la 13, nililipiga zamani sana, na bado sijaamua kama nilirekebishe.