Rampu ya mita moja na nusu: siku yangu ya kazi Dodoma

Saa 11:30 alfajiri
Mwezi wa saba Dodoma ni baridi na upepo wa vumbi. Kabla hata ya chai najaza upepo tairi za kiti changu cha magurudumu. Tairi ikilegea, mchanga wa kwetu Nkuhungu unaimeza, na mikono inachoka kabla sijafika barabarani.

Saa 1 asubuhi
Kijana wa bajaji kafika. Miezi ya mwanzo alikuwa ananibeba mzobemzobe, kwa nia njema kabisa. Siku moja nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nataka usafiri, sitaki kubebwa." Tangu hapo anasogeza bajaji ubavuni mwa baraza la duka, ambalo kimo chake ni sawa na siti. Nahama mwenyewe, yeye anakunja kiti na kukifunga nyuma kwa mpira. Baraza lile halikujengwa kwa ajili yangu. Lina kimo kizuri tu.

Saa 2
Nachora ramani za majengo, na leo nina zahanati mezani. Mlango wa choo ulikuwa sentimita 70. Nimeufanya 90, nimeugeuza ufungukie nje, nikaacha duara la mita 1.5 ndani ili kiti kigeuke. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Ukuta ukishapanda, kazi hiyohiyo ni nyundo, tindo na ugomvi na mwenye pesa.

Saa 4
Saiti, jengo la ofisi. Mlangoni kuna ngazi tatu za sentimita 15, yaani kupanda sentimita 45. Pembeni fundi kamwaga rampu, yaani mwinuko wa zege wa kupandia kwa kiti, yenye urefu wa mita moja na nusu.

"Dada, rampu yako hiyo," akasema kwa fahari.

Nikajaribu. Nusu ya njia magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikaanza kwenda kinyumenyume. Kibarua mmoja akanidaka mabegani. Moyo ulinidunda vibaya, siwezi kusema uongo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na fundi aliijua, ndiyo maana rampu ilikuwepo. Tatizo aliipima kwa macho. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa sentimita 45 ni mita 5.4.

"Mita tano! Nafasi yote itaisha," akalalamika.

Nikamwonyesha upande wa pili wa ngazi. Vibarua walikuwa wamelaza mbao ndefu mbili, zimeungwa, za kupitishia toroli la zege. Hakuna aliyewaagiza. Toroli likijaa halipandi mwinuko mkali, kwa hiyo walizirefusha wenyewe hadi likapanda. Fundi akazitazama zile mbao muda mrefu, akavua kofia, akajikuna kichwa. Kisha akaomba futikamba.

Saa 7 mchana
Ugali na mlenda kwa mama lishe. Meza zake ni ndefu na hazina ubao wa katikati, miguu yangu inaingia chini vizuri. Ndiyo maana sihami.

Saa 9 alasiri
Vijana wanaotengeneza programu ya kukata tiketi za basi wametuita kuijaribu, mimi na mwalimu mmoja asiyeona. Mwalimu akawasha kisoma skrini, akapitisha kidole kwenye picha ya siti. Simu ikasema: "Batani. Batani. Batani." Mara arobaini na kitu. Siti wazi ni kijani, iliyokaliwa ni nyekundu, hakuna maelezo mengine. Wapo pia wanaoona vizuri ila rangi hizo mbili hawazitofautishi. Akiwa bado anahesabu batani, muda wa kulipa ukaisha.

"Wanangu," akasema taratibu, "hapa ningempa wakala namba yangu ya siri anilipie. Ndivyo tunavyoibiwa."

Chumba kizima kimya. Binti mmoja akavuta kompyuta akaanza kuandika: *Siti namba 7, dirishani, ipo wazi.* Moja baada ya nyingine, zote. Mwalimu akarudia, akachagua ya 7, akacheka kwa sauti.

Maandishi nayo yalikuwa ya kijivu hafifu kwenye weupe. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandharinyuma. Sikuwahubiria; niliwaomba watoke nje na simu. Kwenye jua la Dodoma hata wao, wenye macho ya miaka ishirini, hawakusoma kitu.

Saa 1 usiku
Simu inaita. Ni fundi.

"Dada, nimevuta kamba. Mita nne tu, mwarobaini unaziba."

"Usiukate. Kunja kona kabla ya mti, weka bapa, sehemu tambarare ya mita 1.5, pale pa kugeukia, halafu endelea ubavuni mwa ukuta."

Kimya kidogo. Nasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Bapa mita moja na nusu," akarudia. "Kesho uje na kiti kabla sijamwaga zege."