Swali la mama mdogo

Nilipokuwa mwanafunzi wa maabara ya tiba jijini Mwanza, patholojia ndiyo iliyoniteka. Kinyama kilichotolewa mwilini kinalowekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba sana, kisha kinatiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Mwalimu wetu alikuwa mkali kuhusu fomalini. Kinyama cha titi kiingie humo kabla ya saa 1 kupita, kikae kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini zinaharibika, na kipimo kinaweza kusema vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazopokea homoni hiyo ya kike, havipo ilhali vipo. Hapo mwanamke ananyimwa dawa ambayo ingemfaa, na hakuna atakayejua.

Kisha kikaletwa kinyama cha mama mdogo wangu.

Mama mdogo alikuwa mfanyabiashara wa dagaa huko Nansio, Ukerewe. Alikwishafanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na siku ninayoikumbuka alivuka ziwa kuja kusikia majibu. Katika maabara ile palikuwa na utafiti kuhusu protini zinazotawala kufa kwa seli, naye alikuwa ameridhia kinyama chake kitumike. Kwa hiyo, mbali na vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua, kilipimwa pia Bcl-2, mojawapo ya protini hizo za utafiti.

Tukisubiri kwenye benchi, nilimsimulia nilichokuwa nimekisoma kwa hamu kubwa. Kwamba seli za mwili hujiua zenyewe kwa mpangilio zikizeeka au zikiharibika. Kerr, Wyllie na Currie ndio walioupa mpango huo jina la apoptosisi mwaka 1972. Kwamba jeni la Bcl-2 lilijulikana kwanza kwenye saratani ya matezi, na mwaka 1988 Vaux, Cory na Adams, huko Australia, wakaonyesha kuwa kazi yake ni kuzuia seli isife. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kanga ameikaza begani.

"Kwa hiyo, mwanangu, mimi nina kitu kinachoikataza saratani yangu kufa?"

Sikumjibu. Aliingia nalo swali lake kwa daktari, na baada ya shikamoo na marahaba akaliweka mezani kabla hata karatasi ya majibu haijafunguliwa.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye. Alimwambia kuwa hata watafiti walitarajia hivyo: protini inayozuia kifo cha seli ilitakiwa iwe dalili mbaya. Lakini kwenye titi mambo yamekuja kinyume. Wagonjwa ambao uvimbe wao una Bcl-2 nyingi, kwa jumla, huishi muda mrefu kuliko wasio nayo. Sababu kubwa ni kwamba estrojeni ikishika kipokezi chake huliamsha jeni la Bcl-2. Bcl-2 ikionekana, mara nyingi uvimbe bado unafuata amri za homoni na unakua polepole. Uvimbe uliopoteza Bcl-2 mara nyingi hugawanyika kwa kasi, na aghalabu jeni lake la p53, ambalo huizuia seli iliyoharibika isigawanyike, nalo limeharibika.

"Ni mtundu," mama mdogo akasema, "lakini bado akiitwa anasikia."

"Hasa, mama."

Nikauliza kuhusu survivini, protini nyingine, maana nayo huzuia seli kufa. Daktari akasema hiyo huandamana na kugawanyika kwa kasi, ndiyo maana kwenye kipimo cha jeni 21 kinachotumika Marekani kukadiria hatari ya saratani ya titi kurudi, Bcl-2 hushusha alama ya hatari na survivini huipandisha. Protini mbili zinazozuia jambo lilelile, na zinatabiri tofauti! Hadi leo naona hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa niliyowahi kufundishwa.

Mama mdogo hakushughulika na survivini. Alitaka kujua kama atapona. Daktari hakumwapia. Alimweleza kwamba Bcl-2 inazungumzia wanawake wengi kwa pamoja, na kwamba kwake yeye matezi ya kwapani na ukubwa wa uvimbe vina uzito zaidi. Nilimheshimu sana kwa hilo. Ilikuwa rahisi kumpa mama wa watu matumaini ya bei nafuu.

Nikaomba aone mwenyewe. Daktari akaziweka slaidi mbili, moja baada ya nyingine, akamrekebishia hadubini. Kwenye ya kwanza, ya vipokezi vya estrojeni, rangi ya kahawia ilijaa ndani ya viini vya seli. Kwenye ya Bcl-2 ilivizunguka viini, vyenyewe vikabaki na bluu yake. Mama mdogo alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Ipi kati ya hizi inaniambia dawa ya kumeza?"

"Ya kwanza, mama. Ndiyo inayotuonyesha kwamba tamoksifeni inaweza kukusaidia. Daktari wako wa saratani atakuandikia, na utaimeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi."

"Basi mpe hiyo karatasi mwanangu tuipeleke sasa hivi. Meli ya Nansio hainisubiri."