Bati la Kopo la Soda

Binti yangu, chuo cha ufundi cha VETA kimempeleka mafunzoni kwenye gereji moja, na juzi usiku akanitumia picha: mgongo wa beringi ya konrodi, oili imefutwa kwa kidole, namba 0.50 inasomeka vizuri. Hicho ni kichuma chembamba kinachokaa kati ya konrodi, yaani mkono wa pistoni, na krenki, mhimili unaozungushwa na mikono hiyo. "Baba, si ninunue tu hizi hizi?" Nikamjibu: pima krenki kwanza. Akacheka, akasema naongea kama mzee. Usingizi ukaniruka. Nikabaki naiwaza Bedford, lori la Baba Mdogo.

Likizo ya Juni, mwaka 1995. Tulikuwa tumetoka Dar na saruji, na katikati ya mlima Kitonga injini ikaanza kugonga. Si ule ukali wa dizeli uliozoeleka. Huu ulikuwa mlio mzito wa chini, unaozidi kila dereva akikanyaga mafuta. Geji ya oili ikalala. Mafinga tulifika kwa mwendo wa jeneza na dua za utingo.

Fundi hakutaka maelezo. Aliwasha injini, akawa analegeza nati za paipu za nozeli moja baada ya nyingine. Alipoikatia mafuta silinda ya tano, mlio ukapungua. Akazima. "Konrodi," akasema. "Leteni turubai."

Sasa, siku hiyo hiyo Mjomba, kaka yake Mama Mdogo, naye alikuwapo. Yeye ndiye aliyemuuzia Baba Mdogo lile gari, kwa mafungu, kishemeji, na alikuja kufuata fungu la mwisho. Alikaa juu ya tairi, chai mkononi, maandazi kwenye gazeti. Tangu siku ya kwanza ya biashara ile wimbo wake ulikuwa mmoja: injini hii haijafunguliwa tangu itoke Uingereza.

Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ikashuka. Fundi akafungua kofia ya konrodi ya kwanza, akasukuma kipande cha beringi kwa dole gumba, akakigeuza na kukimulika kwa tochi. Upande wa ndani rangi ya kijivu ilikuwa imelika, shaba imeanza kuchungulia. Mgongoni paliandikwa 020.

"Sifuri ishirini," akasema, bila kumwangalia mtu.

Beringi ya injini ambayo krenki yake haijachongwa huwa imeandikwa STD, au haina namba kabisa. 020 maana yake krenki imeshapunguzwa sehemu 20 za elfu moja za inchi, karibu nusu milimita, ikavishwa beringi nene zaidi kuziba pengo. Kwa hiyo haijafunguliwa, lakini imechongwa. Mjomba akapuliza chai yake. "Labda huko huko kiwandani," akasema.

Ya pili 020. Ya tatu hivyo hivyo. Baba Mdogo akashika kiuno: basi inajulikana, atume mtu Dar akalete seti ya 020, gari liondoke. Fundi akatikisa kichwa. Beringi, alisema, inakwambia mtu alinunua nini. Krenki ndiyo inayokwambia kilichopo.

Ile mikrometa yake, kifaa cha kupima unene kwa usahihi, alikuwa akiitunza kwenye kisanduku cha mbao chenye kitambaa ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Ilikuwa ya inchi. Akaifuta, akaijaribu kwa kile kichuma chake cha kipimo kuhakikisha haidanganyi, halafu akajilaza chali chini ya injini, mimi nikachuchumaa pembeni na daftari langu la hesabu. Kila shingo ya krenki, pale konrodi inaposhika, alifuta mafuta kwa petroli kisha akapima mara nne: mwanzo na mwisho, wima na mlalo. Wima na mlalo zikitofautiana, shingo imekuwa yai. Mwanzo na mwisho zikitofautiana, imechongoka. Hakuwa akisoma kipimo chote, alikuwa akitaja upungufu tu. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja na nusu. Nami naandika. Utingo akizungusha krenki, tunahamia nyingine.

Tukafika ya tano.

"Thelathini."

Kalamu yangu ikasimama. Fundi akatoka chini, akaifuta mikrometa upya, akarudi. Thelathini. Akaizungusha, akapima mlalo: thelathini na tatu. Hapo hata Baba Mdogo aliinama kuchungulia, ingawa hakukuwa na cha kuona; shingo ya krenki iliyoliwa sehemu kumi za elfu za inchi zaidi ya jirani zake inang'aa kama wao.

Kofia ya tano ilikuwa bado kwenye turubai na beringi yake ndani. Fundi akaitoa. Mgongoni: 020. Na nyuma yake, limenata kwa oili, kipande cha bati jembamba, upande mmoja rangi nyekundu ya kopo la soda bado ipo. Akachomoa na kile kipande cha juu. Bati jingine, hili limepasuka, limetambaa nusu nje ya mahali pake. Akalikunjua lile zima, akalibana kwenye mikrometa.

"Tano."

Tano juu, tano chini. Shingo imechongwa 30, beringi ni ya 20, pengo ni 10. Hesabu ilikwisha kwenye daftari langu kabla Fundi hajainuka. Beringi huuzwa kwa seti; mtu aliyeharibikiwa shingo moja hakutaka kuchonga zote sita na kununua seti nzima. Akachonga ile moja, akarudishia 020, akaweka bati mgongoni. Ubaya wake ni kwamba beringi lazima ikumbatie kikalio chake chuma kwa chuma, ndipo joto lipate njia. Bati laini likipigwa na mzigo linahama, na beringi nayo inaanza kucheza.

Lakini lile bati lilikuwa limekatwa vizuri mno. Pembe zimepigwa msasa. Hadi leo sijui nimheshimu aliyelikata au nimlaani.

Mjomba akanyoosha mkono, akalipokea, akaligeuza geuza. "Kopo la soda hili," akasema. Utingo akacheka peke yake.

Krenki ilikwenda Dar, shingo zote za konrodi zikachongwa hadi 40 kwa sababu ile ya tano ilikuwa imeshakuwa yai, na Bedford ikabeba mbao za msitu wa Sao Hill miaka mingine mingi. Fungu la mwisho Baba Mdogo alilipa palepale gerejini, kamili, akilowesha kidole kuhesabu noti. Mama Mdogo hakuambiwa kitu kuhusu kaka yake.

Mjomba mwenyewe gari alilinunua likiwa limetumika. Huenda hakujua. Miaka mingi baadaye, Mjomba akiwa ameshafariki, nilimuuliza Baba Mdogo anaamini nini.

"Aliyekata lile bati alikuwa na mikrometa," akasema. "Mjomba wako hata rula hakuwa nayo."

Nikamwambia pesa ya kumlipa mwenye mikrometa alikuwa nayo. Akaniuliza kama nimeshakula.